Majani Yenye Miiba: Safari Yetu ya Luisiana katika Visiwa vya Ufilipino

Wapenzi wasomaji, wengi wenu mmetuuliza habari za safari yetu ya mashariki ya mbali, nasi tuliahidi kuwaandikia. Mambo tuliyoyaona ni mengi kuliko nafasi ya ukurasa huu. Basi tumechagua moja tu, habari za mji wa wasukaji, kwa kuwa ndilo lililotufuata mpaka nyumbani na kutukalia moyoni.

Yafaa kwanza mjue nchi yenyewe. Ufilipino si bara, ni visiwa, navyo vimehesabiwa zaidi ya 7,600, mbali huko ng'ambo ya Bahari ya Hindi, mahali pa kuingilia Bahari ya Pasifiki. Wahispania waliitawala tangu 1565 hata 1898, kisha wakaja Wamarekani. Na wakati wa vita kuu ya pili Wajapani waliishika nchi tangu 1942 mpaka 1945. Uhuru ulipatikana mwaka 1946. Watu wake walio wengi ni Wakristo, na upande wa kusini wako Waislamu wa tangu zamani. Kisiwa kikubwa kuliko vyote ni Luzon, na huko ndiko uliko mji mkuu, Manila.

Sisi tulikuwa tumealikwa Manila kwa mkutano wa walimu wa dini. Mkutano ulipokwisha tulibakiwa na siku mbili, na mwenyeji wetu, mwalimu kijana, akatuuliza tungependa kuona nini. Tukamjibu kwamba sokoni tumeona mifuko ya majani iliyosukwa vizuri sana, nasi tungependa kuiona mikono iliyoisuka. Akacheka, akasema, "Basi twendeni kwa bibi yangu."

Tuliondoka saa kumi alfajiri ili tuyakwepe magari ya Manila, ambayo kulipokucha husongamana kama samaki ndani ya dema. Njia ilikwenda upande wa kusini, kisha ikalizunguka ziwa liitwalo Laguna de Bay, ambalo ni kubwa kuliko maziwa yote ya nchi ile. Jua lilipochomoza tuliona nguzo za mianzi zimesimikwa majini, nazo ni nyua za kufugia samaki. Barabarani tulipishana na magari marefu yaliyopakwa rangi za kila namna, ambayo wao huyaita jipni. Asili yake ni magari madogo ya askari wa Marekani yaliyoachwa baada ya vita. Mafundi waliyarefusha, wakatia mabao ya kukalia pande mbili, yakawa ya abiria.

Tulipoupita mji wa Pagsanjan njia ilianza kupanda. Tukapita Cavinti, na minazi ikawa imetuzunguka pande zote, hata mtu angalidhani yu kwetu karibu na Pangani, isipokuwa hewa ilikuwa ya baridi kama ya milimani. Ndipo tukafika Luisiana. Zamani mahali hapa palikuwa kitongoji cha mji wa Majayjay, na jina lake lilikuwa Nasunog, maana yake "palipoungua". Mwaka 1854 pakawa mji wa peke yake. Wenyeji husimulia kwamba jina la sasa limetokana na majina ya mtu na mkewe, Luis na Ana, waliokuwa mbele katika kuutafutia mji ule cheo chake.

Hata tulipofika mlangoni pa nyumba, yule mwalimu kijana, mtu mzima mwenye elimu, aliinama mbele ya bibi yake, akautwaa mkono wake wa kuume, akauweka juu ya paji la uso wake. Hii ndiyo desturi yao ya kumwamkia mzee. Sisi tulikumbuka shikamoo yetu, ambayo watu husema asili yake ni kushika miguu, tukaona kwamba mataifa yaliyotengana kwa bahari nzima yaweza kuwa na adabu moja. Nasi tukafanya vile vile, tukamwamkia. Bibi yule alifurahi, akasema, "Salamat," maana yake asante. Ni neno lililotoka katika Kiarabu kama "salama" yetu, ila kwao limegeuka kuwa shukrani. Wajukuu wote humwita Lola, maana yake bibi, nasi tutamwita hivyo hivyo.

Umri wake ni miaka sabini na mitatu. Tulimkuta ameketi sakafuni juu ya mkeka, miguu ameinyosha, na kando yake msichana wa miaka kumi na miwili, kitukuu chake. Mbele yao zilikuwako chane za majani zilizokunjwa kama duara, nyingine za rangi yake ya asili, nyingine nyekundu na za kijani.

Majani yale ni ya mti waitwao pandan. Wasomaji wetu wa pwani wanaufahamu mti wa jamii hii, maana ndio mkadi, ule wenye maua ya harufu kali ambayo wanawake hupenda kuyavaa. Lakini sisi twatazama ua na kuliacha jani, na kwa haki, kwa kuwa jani la mkadi si jani la kuchezea. Lina safu tatu za miiba: moja ukingo huu, moja ukingo huu, na ya tatu chini yake kwenye uti wa katikati. Huko Luisiana watu waliiona miiba ile, wakalitaka jani.

Lola alimwagiza kijana mmoja atupeleke nyuma ya nyumba tukaone kazi tangu mwanzo wake. Kwanza hukata majani yaliyokomaa, marefu kupita kimo cha mtu. Kisha kwa kisu chembamba huondoa kingo mbili zenye miiba, na uti wa katikati. Jani lililobaki huchanwa chane za upana mmoja. Hapo ndipo chane hutandazwa juani, zikageuka kutoka kijani hata kuwa kama rangi ya majani makavu ya mpunga. Mvua ikitokea, na mvua huko ni nyingi, watu hukimbia kutoka nyumbani wakazikusanya, kwa maana chane iliyonyeshewa huingia madoa na ukungu. Zikikauka huwekwa chini ya gogo zito, na gogo likaviringishwa juu yake mbele na nyuma mpaka zilainike kama kitambaa. Zile za kutiwa rangi huchemshwa sufuriani pamoja na rangi. Baada ya hayo yote ndipo msukaji huketi.

Nasi tulijaribu kuondoa miiba ya jani moja tu. Kabla hatujafika nusu yake tulikuwa tumejikata vidole viwili. Watoto walicheka sana, na Lola akatuletea kitambaa. Ndipo tulipovitazama vidole vyake mwenyewe. Ngozi ya ncha zake ilikuwa ngumu na yenye mistari midogo meupe, makovu ya miaka zaidi ya sitini.

Kwa mtu wa pwani yetu liko jambo la kustaajabisha katika usukaji wao. Sisi husuka ukili mrefu, kisha tukaushona duara kwa duara au ubavu kwa ubavu mpaka ukawa mkeka. Wao hawashoni. Huanza na chane chache pembeni, wakazipishanisha mshazari, wakaongeza nyingine na nyingine, na mkeka ukakua wote pamoja kama kitu kinachoota, bila mshono hata mmoja. Wakifika ukingoni hukunja ncha na kuzirudisha ndani zisionekane. Lakini jambo jingine ni lile lile la kwetu: chane kavu hukatika. Kama mama zetu wanavyonyunyizia ukindu maji, ndivyo na wao wapendavyo kusuka asubuhi mapema au jioni, wakati hewa ina unyevu.

Kazi hii si ya Luisiana peke yake. Katika mji wa Basey, kisiwani Samar, wanawake husuka mikeka ya nyasi za kinamasi ziitwazo tikog, na wengine hukutana kusuka ndani ya pango liitwalo Saob, kwa kuwa ubaridi na unyevu wa pango huzifanya nyasi zisikatike. Mji ule ulipigwa na tufani kubwa ya tarehe 8 Novemba 2013, ambayo katika nchi ile iliua watu zaidi ya 6,000. Hata hivyo kazi ya mikeka haikufa. Na huko kusini kabisa, Tandubas katika visiwa vya Tawi-Tawi, alikuwako mama Mwislamu aitwaye Haja Amina Appi, ambaye mikeka yake ya pandan ilijulikana kwa rangi zake na kwa hesabu ya nakshi zake isiyokosea. Mwaka 2004 serikali ilimpa heshima kuu ambayo hupewa mafundi wa kazi za asili, kwa sharti kwamba fundi awafundishe wengine. Alifariki mwaka 2013. Mkeka mmoja wa namna yake waweza kuchukua miezi mitatu.

Kitu kinachosukwa sana Luisiana ni mfuko wa sokoni, uitwao bayong, pamoja na kofia, ndara na mikeka. Tulipoushika mmoja na kuusifu, Lola alitusimulia habari aliyoipokea kwa mama yake. Wakati wa Wajapani walikuwako wenyeji waliowatumikia wale askari. Watu wa kijiji walikusanywa uwanjani, na msaliti akaletwa amevikwa bayong kichwani, imetobolewa matundu mawili ya macho, asijulikane. Alipita mbele ya majirani zake, na kila aliyeonyeshwa kwa kidole chake alichukuliwa. "Mama yangu," alisema Lola, "alikuwa msukaji. Alikuwa akiutazama ule mfuko na kujiuliza kama ni kazi ya mikono yake." Akanyamaza kidogo, kisha akaendelea kusuka. Nasi hatukupata la kusema. Mfuko uliosukwa kubebea mchele na samaki, watu waliweza kuufanya hivyo.

Adhuhuri tulikaribishwa chakula. Lola aliomba baraka, tukala wali na samaki, na mboga iliyopikwa kwa tui la nazi, hata tukasahau kwamba tu ugenini. Baada ya kula tuliuliza habari za faida, kwa kuwa mtu asifuye kazi ya mikono bila kuuliza bei yake amesifu nusu tu. Lola alijibu bila kuficha. Mfuko mdogo, alisema, humletea fedha isiyozidi sana bei ya kilo moja ya mchele. Mchuuzi huja na gari, hupanga bei, hulipa, akaondoka. Na huko Manila mfuko ule ule huuzwa kwa fedha nyingi zaidi. Kwa miaka mingi plastiki iliwanyang'anya soko lote. Kisha baadhi ya miji ikaanza kuikataza mifuko ya plastiki, kama Muntinlupa karibu na Manila, tangu mwaka 2011, na watu wakaikumbuka tena bayong. Tulimwambia kwamba na kwetu Tanzania mifuko hiyo ilikatazwa tangu tarehe 1 Juni 2019. Akauliza mara moja, "Basi wasukaji wenu wamefanikiwa?" Swali hilo lilitushinda. Hatukuwahi kumwuliza msukaji wetu hata mmoja.

Tungali katika mazungumzo hayo simu ya msichana ikalia. Ni mama yake, ambaye yuko Ghuba, akifanya kazi nyumbani mwa watu. Wafilipino wapatao milioni mbili hufanya kazi nchi za nje, na nyumba nyingi zina mtu wake aliye mbali. Mama yule aliziona chane mikononi mwa mwanawe kwa njia ya ile simu, na uso wake ukabadilika. Alisema maneno machache, na msichana akaziweka chini polepole. Yule mwalimu kijana alitufasiria kwa sauti ndogo: "Anasema, sikuja huku kuosha vyombo vya watu ili wewe usuke mifuko. Shika kitabu."

Wasomaji wapenzi, hapa yatupasa kukiri jambo. Maneno yale hatukuyasikia kama ya mgeni, kwa maana tuliwahi kuyasema sisi wenyewe.

Sisi tulisomeshwa kwa mikeka. Mama yetu mzazi alisuka ukili usiku kwa taa ya mafuta, na kila muhula ulipoanza mikeka ilibebwa sokoni, ikarudi kalamu, sare na ada. Tulipokuwa watu wazima, tukaitwa walimu, tukajenga nyumba yenye sakafu ya saruji. Siku moja, miaka mitano iliyopita, tulimkuta binti yetu, ndiye wa miaka tisa wakati ule, ameketi kando ya bibi yake na ukili wa kwanza mkononi. Tukamwondolea ule ukili, tukamwambia akasome. Laiti tungalikoma hapo. Tuliongeza, naye mama yetu akisikia, "Hiyo ni kazi ya watu wasiosoma." Mama hakujibu neno. Alizikusanya chane zake, akazifunga, akazitia uvunguni mwa kitanda. Tangu siku ile hatukumwona akisuka, nasi hatukuuliza sababu.

Hayo tulimsimulia Lola. Tulidhani atatulaumu, wala hakutulaumu, na yule mama wa Ghuba hakumlaumu pia. Alisema, "Mama yake ana haki. Mimi nami nilisuka ili wanangu wasome, na nisingependa kitukuu changu ale kwa miiba hii peke yake. Lakini watu husema kwamba twasuka kwa sababu hatujui kazi nyingine. Si kweli. Twasuka kwa sababu kazi hii twaijua. Mtoto akitaka kuiacha, aiache akiwa ameijua, si kwa kuwa ameambiwa ni ya wajinga."

Kisha akamwambia msichana atuonyeshe. Mtoto alitazama simu kwanza, kama kwamba mama yake angali humo. Ndipo akazitwaa chane, akaanza kuhesabu kwa sauti: mbili juu, moja chini, mbili juu, moja chini, mstari wa pili aanze baada ya chane moja, wa tatu baada ya mbili, na umbo la jicho likaanza kutokea katikati. Tulimwuliza ajuaje mahali pa kubadili rangi. Akajibu kwamba hugawanya idadi ya chane zote kwa nakshi anazozitaka, na kinachobaki hukigawa sawasawa pande mbili. Sisi walimu tulitazamana. Hesabu ya kugawanya na baki, ambayo wanafunzi wetu huililia, mtoto huyu aliishika kwa vidole vyake. Desturi yake, alituambia, ni kumaliza kwanza masomo ya shule, kisha kusuka saa moja kabla ya kulala. Na mama yake hajui kwamba alama zake za hesabu ndizo za juu darasani kwa sababu hiyo. Yule mwalimu kijana akasema, "Basi mimi nitamwambia." Nasi tuliondoka bila kujua mama alijibu nini.

Jioni tulipoaga, Lola alitupa bayong moja ndogo. Tulitaka kuilipa, akakataa. Akasema, "Mpelekee mama yako. Yeye ataisoma."

Tulifika nyumbani usiku wa tatu. Mama yetu sasa haoni vizuri. Tulimwekea ule mfuko magotini, tusiseme kitu. Aliupapasa nje, akaugeuza ndani nje, akafuata mshazari wa chane kwa kidole cha shahada, polepole, mpaka akafika chini pembeni, akasimama hapo. "Ameanzia hapa," akasema. "Wala hakushona." Akaendelea kuupapasa. Kisha akauliza, "Na huko kwao, watoto husuka?"

Tulimweleza habari za yule msichana, na hesabu zake, na simu ya mama yake. Tulipofika hapo sauti yetu ilitupungukia, tukamwomba radhi kwa neno lile la miaka mitano. Alikaa kimya kitambo. Mwisho akamwita binti yetu, ambaye sasa ana miaka kumi na minne, akamwambia, "Mjukuu wangu, ingia uvunguni, utoe mzigo ulioko ukutani." Mzigo ukatolewa, umejaa vumbi. Binti yetu alijaribu kukunja chane moja, ikavunjika. Akasema, "Bibi, zimekwisha hizi." Mama akajibu, "Hazijaisha, zimekauka. Kaziloweke."

Hayo ni ya miezi miwili iliyopita. Ukili wa binti yetu bado umepinda, na bibi yake ameufumua mara tatu, kwa kuwa vidole vyake huona kosa ambalo macho yetu hayalioni. Masomo hayajarudi nyuma. Nasi tumeanza kumwuliza mama bei aliyokuwa akipata zamani, na nani aliyekuwa akinunua, na kwa nini ukindu wa kando ya mto ulikuwa bora kuliko wa mlimani. Kumbe alikuwa na majibu ya kutosha kitabu kizima, na hakuna aliyemwuliza.

Basi, ninyi mlio walimu na wazazi, kama nyumbani mwenu yuko mzee aliyekuwa akisuka, au akifinyanga, au akichonga, kisha akaacha, msiseme upesi kwamba amechoka. Muulizeni. Huenda liko neno lililomnyamazisha, na huenda ni sisi tuliolisema.

Wasalaam.